Kusoma Sheria Chuo Kikuu Tanzania: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wiki ya Kwanza Hadi Joho

Sapu yangu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia kwa aliyefeli, niliipata kwenye somo nililolijua kuliko yote: sheria ya mikataba. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa kimbwetani, kwenye yale mabenchi ya kusomea nje, nawafundisha wenzangu. Asubuhi nikajaza kijitabu cha majibu mpaka nikaomba cha pili. Matokeo yalipobandikwa, niliowafundisha wamepita, mimi narudi Septemba. Nikamfuata mhadhiri ofisini na hasira za mtu aliyedhulumiwa. Akafungua kijitabu changu, akapekua kimyakimya, kisha akasema: "Kijana, umeniandikia sheria yote ya mikataba. Mimi nilikuuliza kama Juma analazimika kumuuzia Asha simu. Mbona hukunijibu?"

Sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo nimekaa na wanafunzi wengi wa sheria, wadogo zangu na wageni, na karibu wote wanaoanguka wanaangukia hapo hapo: wanaijua sheria, ila hawajibu walichoulizwa. Kwa hiyo utaona hatua nyingi hapa chini zinarudi kwenye swali la Juma na Asha.

Hatua ya 1: Jua shahada inakupa nini, na haikupi nini

Shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Ukimaliza wewe ni mwanasheria, bado si wakili. Kwa Tanzania Bara, anayetaka uwakili anapitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Zanzibar wana utaratibu wao na orodha yao ya mawakili. Wakenya nao wana Kenya School of Law kule Nairobi, na wanapita humo baada ya shahada, kwa hiyo mtani wako wa Chuo Kikuu cha Moi au cha Nairobi yuko kwenye foleni inayofanana na yako.

Nasema haya mapema kwa sababu nyumbani watakuita "wakili" tangu siku ya barua ya udahili. Mjomba atakuletea kesi ya kiwanja ukiwa muhula wa kwanza. Mwambie kwa heshima, "Mjomba, bado nasoma, ila nitakusindikiza kwenye kituo cha msaada wa kisheria." Kumshauri kwa kubahatisha halafu akapitwa na muda wa kukata rufaa ni dhambi utakayoibeba mpaka uzeeni.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza, usikimbilie kununua

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, mkono unawasha. Mwaka wa kwanza huona fahari kubeba kitabu kinene cha Kiingereza cha bei ya kodi ya miezi miwili, kumbe kimeandikiwa wanafunzi wa London na nusu yake hatuitumii. Kitabu cha namna hiyo kisome maktaba.

Unachohitaji kuwa nacho mwenyewe ni sheria zenyewe, yaani Katiba ya 1977, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) na Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16). Zitoe kopi, zibane kwa waya pale steshenari, uziandike pembeni mpaka zichakae. Lakini uliza kwanza ni toleo gani. Sheria zetu zilikusanywa upya kwenye Toleo la 2002, na sasa lipo Toleo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025, ambamo baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Desa (nukuu za masomo zinazorithishwa) la kaka yako aliyehitimu zamani linaweza kuwa na maelezo mazuri na namba za vifungu zilizokwishahama. Kila unaponukuu kifungu, andika na toleo.

Hukumu ni za bure. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, wanaziweka mtandaoni, za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani, na simu ya kawaida inazifungua. Jifunze kuitumia wiki ya kwanza kabla mambo hayajawa mengi. Mwanafunzi anayeweza kupata hukumu ya mwezi uliopita ana kitu ambacho hakimo kwenye desa lolote.

Utajiuliza pia kwa nini kwenye somo la makosa ya madai (darasani utasikia wakiliita toti) tunaanza na konokono wa Scotland aliyeonekana kwenye chupa ya soda, kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932. Jibu liko kwenye sheria ya mahakama, Sura ya 358: tulipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Iliyotoka huko baada ya tarehe hiyo, kama hii ya konokono, inashawishi tu, haitufungi. Ishike tarehe hiyo. Wengi wanamaliza mwaka wa nne wanawanukuu majaji wa London kana kwamba wanakaa kwenye mahakama zetu pale Kivukoni, Dar es Salaam.

Hatua ya 3: Soma hukumu kwa kalamu

Hapa ndipo pa kuwekeza jasho. Mwaka wa kwanza utapewa orodha ya kesi ndefu kama foleni ya Ubungo, na kishawishi ni kukariri muhtasari wa mwenzako. Muhtasari wa mwenzako ni mswaki wa mwenzako.

Chukua Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu [1983] TLR 32 (TLR ni Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu zetu), kesi utakayokutana nayo kwenye sheria ya ndoa. Nitakuonyesha navyoiandika kwenye ukurasa mmoja.

*Ukweli wa kesi.* Mume na mke wametalikiana. Mke anadai sehemu ya nyumba. Nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha za mume. Mahakama ya Mwanzo ilimkatalia kwa hoja kwamba yeye alikuwa mke tu.

*Suala.* Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu kugawana mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Je, kupika, kufua na kulea ni juhudi?

*Uamuzi.* Ndiyo. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kazi za nyumbani ni mchango.

*Sababu.* Hapa naandika kwa maneno yangu hoja iliyomfikisha jaji kwenye jibu. Hii ndiyo ratio decidendi, kiini kinachofunga mahakama za chini. Mengine aliyosema kwa kupitia ni obiter dicta.

*Mwisho wa kesi.* Bi Hawa alipata nini? Hakupata kitu. Mahakama iliona mume alikwisha kumpa fedha wakati wa ndoa na yeye akazitapanya, kwa hiyo sehemu yake alikuwa ameshaipokea.

Mstari huo wa mwisho ndio unaotenganisha aliyesoma na aliyesimuliwa. Kila mwaka kuna kundi linaloandika "Bi Hawa alishinda." Alishinda hoja, akashindwa kesi, na mtunga mtihani anajua wangapi hawajui. Ukisoma hukumu, anza na kurasa mbili za mwisho ujue nani kaondoka na nini, kisha rudi mwanzo ufuatilie njia.

Hukumu ya kwanza itakuchukua saa tatu, ya kumi saa moja. Usihofu kasi. Tatu kwa wiki ukiziandika hivi zinakupa zaidi ya themanini kwa mwaka wa masomo hata ukiondoa wiki za mitihani na uvivu, na hakuna mtihani wa mwaka wa kwanza unaodai zaidi ya hizo.

Hatua ya 4: Fikiri kwa Kiswahili, lakini chunga mitego yake

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapokihitaji. Chuoni bado tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaishi nchi mbili kwa siku moja.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii. Ukimaliza kusoma mada, funga kila kitu umweleze mtu asiyesoma sheria, kwa Kiswahili cha kijiweni. Mimi nilimweleza mama lishe pale nilipokuwa nakula: nini tofauti ya kukopa na kuiba. Aliponiuliza, "Sasa kama alikuwa na nia ya kurudisha?" nikagundua sijaelewa nia ya jinai hata kidogo. Nikarudi kusoma.

Ila Kiswahili nacho kina mitego. Tunasema "kuua kwa kukusudia", na mwanafunzi anaamini mtuhumiwa lazima awe alikusudia kifo. Fungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 200 katika toleo tulilosomea sisi: aliyekusudia kumdhuru mtu vibaya, yule mtu akafa, naye anaangukia humo, hali kadhalika aliyejua kitendo chake kinaelekea kuua na asijali. Neno la mtaani ni jembamba kuliko sheria. Kwa hiyo tengeneza daftari dogo la safu tatu: neno la Kiingereza, neno la Kiswahili, na mahali yanapoachana. Safu ya tatu ndiyo ya thamani.

Kuhusu Kiingereza cha kuandika, acha madoido. Wale wanaoanza kila sentensi kwa maneno mazito ya Kilatini wanamchosha msahihishaji mwenye vijitabu mia tatu mezani. Sentensi fupi, kitenzi kimoja, kifungu, kituo.

Hatua ya 5: Kujibu swali la tukio

Swali lililoniangusha lilikuwa karibu hivi. Juma anauza simu Kariakoo. Kwenye kabati la kioo kuna simu yenye kibandiko cha shilingi 150,000. Asha anaingia, anaweka fedha mezani, anasema, "Naichukua." Juma anaona kibandiko kimekosewa, bei ni 510,000. Anakataa kuuza. Mshauri Asha.

Mimi niliandika historia ya mkataba, aina za mikataba, umri wa kufunga mkataba, na kadhalika, kurasa kumi na moja. Jibu linalopita lina hatua nne, na linaenea kwenye kurasa mbili.

Kwanza taja suala, kwa sentensi moja: je, kibandiko cha bei ni pendekezo, ambalo Asha alilikubali, au ni mwaliko tu wa kuja kujadiliana? Kama huwezi kuliandika suala kwa sentensi moja, usianze kuandika jibu.

Pili, sheria. Anza na yetu: kifungu cha 2(1)(a) cha Sura ya 345 kinachosema pendekezo ni nini, yaani mtu kuonyesha utayari wake wa kufanya jambo akitaka mwingine aridhie. Kisha ndipo uwaite Waingereza: Pharmaceutical Society dhidi ya Boots ya 1953, kuhusu bidhaa kwenye rafu, na Fisher dhidi ya Bell ya 1961, kuhusu kisu kwenye dirisha la duka kule Bristol. Zote zinasema kuweka bidhaa na bei hadharani si pendekezo. Na kwa kuwa zote ni za baada ya 1920, sema wazi kwamba ni za kushawishi. Hiyo sentensi moja ina alama.

Tatu, iweke sheria juu ya watu hawa. Hapa ndipo alama nyingi zilipo na ndipo wengi wanaporuka. Kibandiko kilimwalika Asha. Asha aliposema "Naichukua" na kuweka fedha, yeye ndiye aliyetoa pendekezo. Juma hakulikubali. Kisha geuka useme la upande wa pili: ingekuwaje kama kabla ya hapo Asha angeuliza bei na Juma akajibu, "Hiyo hiyo iliyoandikwa, lete hela nikufungie"? Hapo Juma mwenyewe angekuwa ameonyesha utayari, na jibu lingeweza kugeuka. Swali halikusema hivyo, lakini kuonyesha unaliona kunamwambia msahihishaji kwamba kuna mtu ndani ya kijitabu.

Nne, jibu. "Juma halazimiki kuuza. Asha hana mkataba wa kuudai." Basi.

Kwa Kiingereza njia hii huitwa kwa herufi IRAC (Issue, Rule, Application, Conclusion: suala, sheria, kuiweka juu ya watu, jibu), utaisikia mpaka uichoke. Shida yake ni kwamba watu wanakariri herufi na kusahau ya tatu. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne unakupa dakika 45 kwa kila moja: kumi za kusoma na kupanga kwenye ukurasa wa nyuma, thelathini za kuandika, tano za kupitia. Zoezi ni kukaa na maswali ya miaka iliyopita na saa mbele yako, si kusoma majibu yake. Swali moja kila Jumamosi kuanzia wiki ya tatu, umpe mwenzako alisahihishe bila huruma.

Hatua ya 6: Semina, vikundi na madesa

Kwenye vyuo vingi kosiweki, yaani kazi na majaribio ya ndani ya muhula, ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo semina si mahali pa kujaza viti. Jiandae kwa hoja moja tu kwa kila semina, ila uwe umeisoma mpaka chini. Kazi za kikundi zina watu wawili wanaofanya na sita wanaoandikwa majina. Omba kuwa mmoja wa wawili; malalamiko yako hayana baraza. Kundi la kusomea liwe la watu wanne, watano mwisho; zaidi ya hapo ni kijiwe. Madesa yatumie kama ramani, kisha nenda mwenyewe kwenye hukumu.

Hatua ya 7: Nenda mahakamani kabla hujapelekwa

Mahakama ziko wazi kwa umma. Ukiwa Dar es Salaam panda daladala mpaka Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, saa tatu kasoro, umevaa kwa heshima, simu umeizima. Kaa nyuma. Siku yangu ya kwanza nilitarajia hotuba za kwenye sinema. Nikasikia "upelelezi haujakamilika, mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine" mara tisa kwa saa moja. Mara ya tisa mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, baba wa mshtakiwa nadhani, akaikunja kofia yake akaiweka mfukoni, akatoka bila kumtazama mtu. Sheria ya dhamana niliyokuwa nimeikariri ikapata sura.

Kisha nenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe. Huko kesi zote ni Kiswahili, na utaona jinsi watu wanavyojieleza wasipokuwa na wakili. Ukirudi chuoni jiunge na mahakama ya kuigiza, hata kama unatetemeka. Hakuna kinachofundisha kujibu swali kama jaji wa kuigiza anayekukatiza sentensi ya pili na kukuuliza, "Wakili msomi, kwa hiyo unataka tufanye nini?" Na kama chuo chako kina kitengo cha msaada wa kisheria, jitolee. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa wakitoa msaada huo tangu miaka ya 1960. Kuandika barua moja ya mjane anayenyang'anywa shamba kutakufundisha sheria ya ardhi kuliko muhula mzima.

Hatua ya 8: Hela, kulala, na GPA

Kwa ufupi. Bumu ligawe siku linapoingia kwa idadi ya wiki zilizobaki, na fungu la mitihani liweke kwa mtu mgumu kama mama mzazi. Kubebana bwenini, yaani kulala kwenye kitanda cha mwenzako, kunaokoa hela ila kunaua usingizi. Kama unabebwa, tafuta pa kusomea maktaba mapema. Kukesha usiku wa mtihani wa sheria hakusaidii, kwa sababu unapimwa akili ya kuchambua, na akili iliyokesha haichambui. GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ni kati ya 5: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 ni la pili la juu. Ofisi nyingi za mawakili na vyuo vya nje wanaanzia kuangalia hapo kwenye 3.5, kwa hiyo usidharau somo la mwaka wa kwanza ukidhani utafidia baadaye. Na ukipata sapu, omba kukiona kijitabu chako kama taratibu za chuo zinaruhusu. Bila ile ziara ofisini ningeandika kurasa kumi na moja tena Septemba.

Hatua ya 9: Law School na joho

Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja la Law School yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wanaotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lawama ziligawanywa huku na huku, kwa taasisi, kwa vyuo, kwa wanafunzi. Nina maoni yangu, na huenda hayatapendwa: mtu aliyepita miaka minne kwa madesa hawezi kuandika hati ya madai kwa saa moja, maana hati ya madai ni swali la Juma na Asha lililovaa suti. Pale unatengeneza nyaraka: hati ya madai, kiapo, mkataba wa pango, hoja za rufaa. Ukiwa bado chuoni, likizo nenda ofisi ya wakili, hata bila malipo, uombe kuona mafaili yaliyofungwa, kisha ziandike upya nyaraka zile bila kuangalia na ulinganishe.

Ukishafaulu, unawasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili, na unakuwa mwanachama wa TLS, Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanza 1954.

Na hapo kwenye jina kuna jambo la kufanya leo, si mwaka wa nne. Toa cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, na kitambulisho cha taifa, uviweke sambamba mezani. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Mohammed, au jina la babu limo hapa na halimo pale, anza kurekebisha sasa. Itahitaji hati ya kubadili au kuthibitisha jina, mihuri, na safari za ofisini, na ni heri kuzifanya ukiwa likizo kuliko wiki ambayo wenzako wanapimwa majoho.